Ombi Lililopita Baharini

Kijana aliyetumwa kuhubiri nchi ya mbali huandika barua mbili katika karatasi moja. Ya kwanza ni ya kazi: watoto waliofundishwa, kisima kilichochimbwa, ibada iliyojaa mpaka nje. Ya pili huja mwishoni, mistari michache tu, pale anapoomba aombewe, na humo ndimo unamomkuta mtu mwenyewe. Kanisani kwetu Rabai, nyuma ya Mombasa, kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma hoja za maombi mbele ya ushirika wa katikati ya wiki, nami nimezoea kuanzia chini. "Ombeni nipate usingizi." "Ombeni tuelewane tunaoishi nyumba moja." "Ombeni moyo wangu upende kuwa hapa." Anayeandika hivyo ana miaka 20, pengine 22. Juu ameeleza ubatizo. Chini anasema hajalala.

Nilikwenda Masinya kwa kuwa huko yuko mtu anayeijua barua hiyo kutoka upande wa pili. Masinya ni kata ya wilaya ya Busia, upande wa Uganda, nchi ya Wasamia na Wagwe, mwendo mfupi kutoka mji wa mpakani. Mama mmoja wa huko, aliyewahi kulala kwetu alipokuja Mombasa kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, huwapokea nyumbani kwake vijana wa ng'ambo wanaoletwa na shirika lao wakae, wajifunze lugha, wasaidie shuleni na kanisani. Nilipomwambia kwa simu kwamba hoja za vijana wa namna hiyo tunazisoma kila wiki, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Njoo. Nyinyi huko mnasoma barua zao. Mimi naishi nao."

Sisi watu wa Rabai hatuwezi kuiona njia ya Uganda kama njia nyingine yoyote. Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka kwetu na msafara wa watu wapatao 200. Safari yake ya kwanza, mwaka 1882, ilikuwa imemshinda. Homa na kuhara damu vilimrudisha Uingereza. Safari hii alikata nchi ya Wamasai, na Oktoba akafika kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo. Hapo alimwachia William Jones sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu kama 50 kuelekea Busoga. Jones alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akalelewa Bombay, akarudishwa pwani ya Afrika. Miezi michache kabla ya safari Hannington mwenyewe alimpa daraja la ushemasi. Tarehe 29 Oktoba askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, akiwa na miaka 38, na wengi wa wapagazi waliokuwa naye wakauawa pamoja naye. Jones alikaa kwa Sundu akingoja hadi Desemba. Msafara wake uliingia Rabai Februari 1886 ukiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la yule mtoto wa kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli.

Habari za kukamatwa kwa askofu zilifika London kwa waya wa simu kutoka Zanzibar mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo Krismasi yote ile makanisa ya Uingereza yalimwombea afike salama, naye alikuwa amekwisha kulala mautini miezi 2. Jambo hilo hunishika kila ninapofungua barua mezani kwangu. Na hunishika zaidi kwamba kalenda yetu ya Kianglikana humkumbuka Hannington na wenzake kila 29 Oktoba, na hao wenzake ni watu wa pwani, wana wa mama zetu, ambao majina yao hayasomwi. Walioombewa London walijulikana. Waliobeba mizigo waliombewa Rabai na Frere Town, na mama waliojua kila mmoja alipenda kula nini.

Wakati ule kuomba na kutuma vilikuwa kazi moja. Tarehe 20 Desemba 1872 makanisa ya Kianglikana yalitenga siku nzima ya kumwomba Mungu apeleke watenda kazi, maana waliojitoa walikuwa wameadimika. Baadaye vijana walianza kujitokeza, na mwaka 1876 Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti mwenye miaka 26, aliiaga kamati iliyomtuma kwa maneno mazito: kwamba haielekei Waingereza 8 waende Afrika ya Kati na wote wawe hai baada ya miezi 6, na habari ya kifo itakapofika, wasivunjike moyo, wampeleke mwingine. Hakukosea. James Robertson alikufa Zanzibar mwaka ule ule, na mwaka uliofuata Daktari John Smith akafa kusini mwa ziwa. Mackay mwenyewe alidumu mpaka 1890, akafa Usambiro kwa homa bila kurudi kwao hata mara moja.

Niliingia Uganda kupitia Malaba, kwa kuwa nilitaka kuanzia Tororo. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani kuanzia mbali, madereva wamelala chini ya matela, wengine wakikaanga mayai kando ya matairi. Sisi Wakenya hupita kwa kitambulisho tu tangu 2014. Mbele yangu walisimama vijana wa kizungu waliovaa fulana za rangi moja, kila mmoja ameshika pasipoti, visa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, kama watoto walioambiwa wasipoteze kitu. Mmoja alikuwa akisogeza midomo pole pole. Sikumwuliza, lakini nadhani najua alikuwa akifanya nini.

Mwamba wa Tororo unauona kabla ya kuuona mji. Umesimama peke yake katikati ya nchi tambarare, na kwa siku nzima popote unapogeuka uko nyuma ya bega lako. Chini yake kuna kiwanda cha saruji, soko, reli, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, makao ya dayosisi ya Kianglikana ya Bukedi. Nilipiga magoti humo nikimkumbuka Yona Okoth. Alikuwa askofu wa Bukedi Februari 1977, askari wa Idi Amin walipoipekua nyumba yake wakidai ameficha silaha. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Okoth akakimbilia Kenya. Mtu wa Tororo alikuwa mgeni ng'ambo ya mpaka anaoweza kuuona kutoka juu ya mwamba wa kwao. Amin alipoanguka mwaka 1979 alirudi, na kuanzia 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda. Nimewahi kuwasikia wazee wa Nairobi wakisema walivyowaombea wakimbizi wale huku wakiwatafutia vitanda. Kitanda na sala vilikwenda pamoja, wala hapakuwa na aliyeuliza kipi kitangulie.

Mjini nilipokelewa na mwalimu mmoja mstaafu, Mkatoliki, rafiki wa yule mama wa Masinya. Mwanawe ni mseminari wa shirika la kimisionari, naye alikuwa nyumbani kwa likizo baada ya kukaa Ulaya miaka 2 akijifunza utume. Nilitaka sana kumsikia, kwa sababu njia imegeuka. Wamisionari wa Mill Hill, walioieneza imani ya Kikatoliki sehemu hizi, walifika Kampala Septemba 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Mwaka 1903 wakaletewa masista 6 wa Kifransisko, mmoja wao Mwairishi wa miaka 27, Sista Kevin, ambaye Uganda nzima ilikuja kumwita Mama Kevina. Leo chuo cha Mill Hill kule London hakipo. Kilifungwa mwaka 2006, na vijana wengi wanaoingia shirika hilo wanatoka Afrika na Asia. Afrika Mashariki ina mashirika yake pia. Mitume wa Yesu walianzishwa Moroto, kaskazini mwa hapa, mwaka 1968, nao sasa wanatumikia hata Marekani. Emmanuel Obbo, aliyeteuliwa Askofu Mkuu wa Tororo mwaka 2014, ni mtu wa shirika hilo.

Kijana alikuwa mrefu, mpole, na alisubiri baba yake aondoke kwenda kufungua geti ndipo akaanza kusema.

"Siku ya kuniaga, jumuiya ilichinja ng'ombe. Bibi yangu alicheza mpaka akakaa chini. Sasa wewe fikiria, mzee wangu. Umechinjiwa ng'ombe, halafu baada ya mwezi mmoja utume ujumbe useme siwezi?"

Jumuiya yao ina kundi kwenye simu. Kila Alhamisi wanaposali rozari humwuliza nia zake. Yeye alijibu kila mara: afya, masomo, amani ya dunia. Hakuwaambia kwamba alikuwa akikaa siku 3 bila mtu kumwita kwa jina. Hakuwaambia kuhusu saa 10 za jioni wakati wa baridi, giza likishuka juu ya barabara isiyo na mtu anayetembea. Kwamba kanisani kulikuwa na wazee wachache, wema, waliomshika mkono mlangoni kisha kila mmoja akaingia kwenye gari lake. Kwamba alianza kupika ugali usiku wa manane ili tu nyumba inuke kama nyumba. "Nilikuwa naogopa simu ya nyumbani," alisema. "Wangeniona usoni."

Nilimwuliza nini kilimtoa humo. Alisema ni mwanamke mzee wa parokia ile, mjane, aliyemkuta siku moja ameketi kwenye benchi baada ya Misa. Hakumpa maneno mengi. Alimwambia kwamba yeye husali kila asubuhi saa moja, na kwamba kesho yake angependa kumtaja kwa Mungu, lakini kwa jambo la kweli, si afya. Kijana akamwambia ukweli kwa lugha aliyokuwa bado akiivunjavunja. Tangu siku hiyo mwanamke yule akawa anamwita Jumapili kula supu, na wakati mwingine wanakaa tu wakitazama mvua. "Akawa bibi yangu wa huko," alisema. "Na mimi nikaanza kumwombea mwanawe, maana hawaongei."

Nilimweleza kuhusu Maurice Bellière, kisa ambacho kimenikaa moyoni tangu nikisome. Oktoba 1895, akiwa mseminari wa miaka 21, Bellière aliwaandikia masista Wakarmeli wa Lisieux, Ufaransa, akiomba mmoja wao amwombee katika wito wake. Mkuu wa monasteri alimchagua sista mmoja kijana, Tereza wa Mtoto Yesu. Wakaandikiana. Tereza alikuwa tayari anakufa kwa kifua kikuu, akazidi kumtia moyo. Bellière alipanda meli kwenda Algeria, kwa Mapadre Weupe, siku moja kabla ya Tereza kufa, mwishoni mwa Septemba 1897. Mwaka 1902 akapelekwa Nyasaland, Malawi ya sasa. Nchi ilimshinda, ugonjwa ukamshinda, hakuelewana vizuri na wakubwa wake. Alirudi Ufaransa akiwa amevunjika, na mwaka 1907 akafa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, na miaka yake 33. Miaka 20 baadaye Papa Pius wa 11 alimtangaza Tereza kuwa msimamizi wa misheni zote duniani.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya Tereza. Mimi namfikiria yule kijana kule Nyasaland. Alikuwa na mwombezi ambaye Kanisa lote lilikuja kumwita mtakatifu, na bado alihitaji mtu wa kuketi naye barazani jua linapotua, ambaye angemwona anadhoofika na kusema. Mseminari alisikiliza, kisha akauliza kama Bellière alijua lugha ya watu wa kule. Swali hilo alilijua yeye kuliko mimi.

Kutoka Tororo hadi Busia nilipanda teksi, kama Waganda wanavyoliita gari letu la matatu, na kutoka Busia mpaka Masinya nikapanda bodaboda. Inafaa kupanda bodaboda hapa kuliko popote, kwa sababu kazi hiyo ilianza mpaka huu huu, vijana wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Mji wa Busia haujakubali kuwa miji miwili. Mitaani shilingi za nchi zote mbili hupokelewa, mama wa upande mmoja hununua samaki upande wa pili akarudi kabla ya chai. Tangu Februari 2018, marais Kenyatta na Museveni walipozindua rasmi kituo cha pamoja, msafiri hugongewa mihuri yote mahali pamoja. Ukishaacha lami, nchi inatulia: mihogo, mtama, miembe, udongo mwekundu unaoshika viatu.

Nyumba ya mama ni ya matofali na bati, na jiko liko pembeni, limepakwa udongo. Alinipokea kwa "mulembe" iliyorudiwa mara nyingi, akaniuliza habari za kila mtu aliyemwona Rabai, hata za mbuzi. Kiswahili chake ni cha sokoni Busia, cha haraka na chenye nguvu. Kwa miaka mingi aliuza dagaa wa Majanji, wanaoitwa mukene upande huu na omena upande wa Kenya. Msichana wa kimisionari alitoka jikoni na bakuli la maji ya kunawa, akapiga magoti kuniwekea, kama mabinti wa huku wafanyavyo kwa mgeni. Uso ulikuwa mwekundu kwa moshi. Ana miaka 21, ametoka Marekani, na Kiswahili alijifunza Kenya kabla ya kuletwa mahali ambapo watu wanaongea Kisamia.

Kuzoea ugenini, kama nilivyokuona pale, kuna matabaka. La juu ni mwili. Malaria si hadithi upande huu. Watafiti waliopima mbu wa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka, na ingawa dawa iliyoanza kupulizwa majumbani mwishoni mwa 2014 ilipunguza janga hilo sana, kila nyumba inajua njia ya zahanati. Kisha ugali wa mtama na muhogo, mweusi na mzito, ambao mgeni huumeza kwa maji. Kisha choo cha shimo usiku, na tochi, na mvua. Haya watu huyazoea. Msichana aliyazoea kwa wiki chache, na aliyasimulia akicheka.

La chini ni gumu zaidi, na ni jambo la kuwa na watu muda wote. Kwetu nyumba iliyojaa ni baraka. Mtoto akilala peke yake tunadhani anaumwa. Msichana huyu alikua na chumba chake na mlango wake, na sala zake za asubuhi alizisali humo tangu utotoni. Masinya alipewa chumba kizuri kuliko vyote, kilichokuwa cha mama mwenyewe, chenye pazia mlangoni. Wajukuu waliingia kumtazama akisoma. Majirani waliingia kumsalimu amelala. Hakuna aliyekosa adabu, walimpenda.

Mama alinisimulia jioni ile, msichana akiwa amekwenda kisimani na wajukuu. Mpwa wake anayesoma Chuo Kikuu cha Busitema alipokea barua ya maombi ya msichana huyo, iliyokuwa imezunguka kwenye simu kutoka kanisa la kwao mpaka kwa mchungaji mmoja wa Kampala, mpaka kwake. Akamsomea shangazi yake, akiitafsiri. Ilikuwa na picha ya jiko lenye masizi, na maelezo ya dhiki ya nyumba. Na chini kabisa, katika hoja za maombi, msichana aliandika kwamba hana mahali pa kuwa peke yake, hata pa kulia.

"Picha ya jiko niliiacha ipite," mama alisema. "Jiko lina masizi, ni kweli. Lakini lile la kulia. Mimi nalala chumba cha pili. Kuna ukuta mmoja. Ombi limetoka hapa, limevuka bahari, limesomwa na watu nisiowajua, limerudi Kampala, limekuja Busitema, ndipo likanifikia mimi. Kwa nini? Mimi siombi?"

Nimesoma hoja za maombi kwa miaka mingi, na swali hilo sikuwahi kuulizwa. Tumewazoeza vijana kudhani kwamba maombi yanatoka nyumbani na huduma inakwenda ugenini. Waliobaki ndio waombaji. Waliotembelewa ndio wanaoombewa. Kijana anayeishi ndani ya mpango huo hawezi kuwa mgeni wa kweli wa mtu yeyote, maana mgeni ana haja, na haja zake huzitoa mbele ya mwenyeji. Hawezi pia kurekebishwa mapema. Uganda imekwisha kulipia jambo hili. Jinja, saa chache kutoka hapa, msichana Mmarekani aliyehamia huko kabla ya kutimiza miaka 21 alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo bila yeye kuwa na mafunzo ya udaktari. Kati ya 2010 na 2015 watoto zaidi ya 100 walifia humo. Mwaka 2019 mama wawili walifungua kesi, na mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama, kituo kikiwa hakijakiri kosa. Maombi na michango vilitoka mbali kwa wingi. Maswali ya waliokuwa karibu yalichelewa kupata masikio. Simlinganishi msichana wa Masinya na mambo hayo. Yeye anafundisha watoto kusoma, na nguo zake anafua mwenyewe. Nasema tu kwamba palipo na ukimya kati ya chumba na chumba, chochote kinaweza kukua.

Ushirika ulikutana nyumbani pale baada ya chakula cha usiku. Vililetwa viti kutoka kwa majirani, wakaja wazee wawili, na akina mama wenye watoto mgongoni, na vijana wa kwaya. Mama alitoa daftari kubwa lenye jalada gumu. Wanaliandika kwa Kisamia, Kiswahili na Kiingereza, jinsi neno linavyomjia mtu. Nililipitia. Mvua ichelewe kidogo mpaka ulezi ukauke. Mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba. Mgonjwa aliyelazwa Masafu. Mume aliyevuka kwenda Kenya kutafuta kibarua na hajapiga simu. Na ukurasa baada ya ukurasa, mabinti: Riyadh, Dammam, Dubai, Muscat. Mwaka 2016 serikali ya Uganda ilisimamisha kuwapeleka wasichana wa kazi za ndani Saudi Arabia kwa sababu ya malalamiko ya mateso. Mwaka uliofuata mkataba mpya ulifungua mlango tena, na wanaendelea kwenda. Hawa nao ni vijana wanaozoea nchi ya mbali. Hawana shirika la kuwatuma wala barua ya kila mwezi. Wana mama zao na daftari hili.

Palipokuwa na nafasi, mama alisema kwa Kiswahili ili msichana aelewe: "Binti yangu, sisi hapa kila mtu husema lake. Wewe umekaa nasi na hujasema. Leo sema. Ukisema kwa Kiingereza, huyu mtu wa Mombasa atatusaidia."

Msichana alitazama chini muda mrefu. Nikaogopa kwamba ameaibishwa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kwamba anawapenda watoto wa nyumba hii na kwamba amechoka. Kwamba anataka muda kidogo asubuhi, yeye na Mungu, mlango umefungwa. Kwamba alidhani wakisikia hivyo wataona anawakataa. Hapo akalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyegeuza uso.

Mzee mmoja aliomba kwa Kisamia kwa sauti ya juu, mkono wake ukiwa kichwani pa msichana. Alipomaliza, alisema hata kabla hajaketi kwamba ana komeo la mlango wa zamani kwake, na mbao, na kesho asubuhi atakuja na fundi. Mama mwingine akasema wajukuu wataletwa kwake saa ya uji, mpaka jua lipande. Yote yaliandikwa daftarini chini ya hoja yenyewe, kama wanavyofanya: ombi, na nani atafanya nini.

Fundi alikuja kweli, akapachika mlango mahali palipokuwa na pazia. Mama alimlipa kwa shilingi za Kenya, maana za Uganda zilikuwa zimeisha. Baadaye, tukiwa tumekaa nje tukichagua mawe kwenye dagaa, alimwambia msichana alete simu, kwa kuwa barua ya mwezi inakaribia na yeye ana hoja yake ya kutuma kwa kanisa la kule Marekani. Binti yake wa mwisho yuko Saudi Arabia. Msichana akawa tayari kuandika.

"Usiandike kwamba mimi ni maskini," mama alisema. "Wala usiweke picha. Andika jina lake lote. Andika kwamba tajiri wake ameshika pasipoti yake na mshahara wa miezi 3 hajapata. Andika kwamba yeye anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu na pengo lake lipo. Kisha waulize kama huko kwenu kanisani kuna mtu anayefanya kazi serikalini au anayejua mambo ya balozi. Umeandika hiyo? Nisomee."

Msichana akamsomea. Mama akamwambia arudie lile jina, lina herufi moja aliyoikosea.